Nilivyotajirika Mbele ya Mkaguzi

SEHEMU YA TANO

Mliosoma wiki jana mliniacha kaunta ya manispaa, kalamu mkononi, jasho kwapani, na karani ananitazama kama mtu anayecheleweshewa chai yake.

Kwa ambaye hakuwepo: jina langu ni Emérite, wengi wananiita Mama Égide. Mimi ni Mrundi, mjane, muuza ndagala, wale dagaa wakavu wa kwetu, kando ya bustani ya Joubert Park. Nakaa mtaa wa Troyeville, chumba cha uani, na wanangu wawili. Mwenye nyumba amepandisha kodi. Amesema Juni hii ya 2012 ikiisha sijaleta nyongeza, Jumamosi anabadilisha kitasa, nikirudi sokoni nikute mlango haunijui.

Ndipo nikasikia kwamba manispaa ina msaada wa ziada kwa walioshindwa na kodi. Nikaenda kuuomba. Fomu niliijaza vizuri tu, jina, watoto, namba ya karatasi ya ukimbizi, mpaka nikafika mstari wa mwisho.

Mstari wenyewe ulisema: Naapa kwamba mimi ni maskini.

Hapo kalamu ikagoma.

Msinicheke. Katika kanisa letu mtu hasemi kwamba yeye ni maskini. Pasta Octave ametufundisha kuwa neno likishatoka kinywani linageuka na kumrudia mwenyewe. Kwa hiyo sisi hatuna njaa, tuna mfungo. Hatuna nguo kuukuu, tuna nguo zenye ushuhuda. Ukimuuliza muumini wetu aliyefukuzwa kazi jana anaendeleaje, atakujibu, "Nimepandishwa cheo, nangojea tu kuambiwa ni wapi."

"Mama, unasaini au husaini?" karani akauliza.

"Nitasaini nyumbani."

"Nyumbani kuna kalamu nzuri zaidi?"

Akagonga muhuri kwa hasira. "Alhamisi saa tatu mkaguzi atakuja kuona unavyoishi. Utasaini mbele yake. Usiposaini, usirudi hapa."

* * *

Jioni ile nilimweleza Mama Gaël. Jina lake Clémentine, mwenyekiti wa akina mama kanisani. Yeye na mumewe wamepanga vyumba viwili vya mbele katika yadi yetu hiyohiyo. Mwanamke wa maneno, wa sauti, na wa vilemba.

"Usisaini," akaniambia kabla sijamaliza. "Unataka kumwandikia shetani barua kwa mkono wako?"

"Na kodi?"

"Mungu wa kodi yuko. Na huyo mgeni Alhamisi atakaa wapi?"

"Nina kiti kimoja."

"Kiti kile kina miguu mitatu na imani. Mama Égide, mgeni wa serikali anaingia kwako akalie ndoo? Akirudi ofisini atasema nini juu ya Warundi? Niachie mimi."

Hapa nawaomba wasomaji wasio wa kwetu wanielewe. Kwetu mgeni akija kwa mmoja amekuja kwa wote. Huyu analeta kiti, yule kitambaa, yule bilauri. Mwenye kiti anakuja anakaa chini kwenye mkeka, anamtazama mgeni amekikalia kiti chake, na hasemi neno. Kusema ni utovu wa adabu kuliko kuiba.

Kwa hiyo nilikubali. Na kwa kuwa nimeahidi kuungama humu bila kuficha, naungama: nilipenda. Miaka mitano chumba changu hakijaona pazia.

Alhamisi asubuhi likaja kochi la viti vitatu la Mama Gaël, rangi ya damu ya mzee, likaingia kwa ubavu. Likaja friji lake. Joséline, kinyozi wa kike wa pale kwenye robot, zile taa za barabarani, akaleta mapazia ya leso. Mwingine zulia, mwingine saa ya ukutani yenye ndege. Godoro letu likakunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango kama mwizi aliyejificha. Ndagala zangu nikazitia ndani ya friji ili harufu isitutangulie.

Didier akapita. Huyu ni fundi cherehani, Mkongomani wa Bukavu, anashonea barazani pale mbele. Nilikuwa nimemwomba anitafsirie.

"Mama Égide, unaozesha?"

"Mkaguzi anakuja."

"Mkaguzi wa nini?"

"Wa umaskini."

Akaangalia kochi. Akaangalia friji. Akaangalia sufuria ya sambusa.

"Na munamupikia?" Akashika mlango kwa kucheka. "Mama, minakuambia, munafanya mambo kinyume. Watu wa mtaa wa Bertrams, mkaguzi akikuja wanaficha hata mlango!"

"Mgeni lazima apokewe, Didier."

"Bon. Apokewe. Lakini mukikosa ile msaada, musiseme Didier hakusema."

"Didier," Mama Gaël akamkatiza, "wewe umeitwa kutafsiri. Unabii tunao wa kwetu."

* * *

Mkaguzi alitakiwa saa tatu. Alifika saa tano na nusu, mama mnene, faili kwapani, anahema kwa kile kilima chetu. Akina mama watano wa kanisa walikuwa wameshaimba nyimbo zote tunazozijua na wameanza za Krismasi.

Akaingia. Akasimama. Akatoka nje kusoma namba ya mlango. Akarudi.

"Natafuta nyumba ya Emérite," akasema. "Aliyeomba msaada."

"Ndiye mimi, mama. Karibu. Kaa."

Akakaa. Kochi likamwitikia kwa pumzi ndefu. Kabla hajafungua faili, mkononi alikuwa na Fanta, magotini sinia ya sambusa, na Joséline anampepea, Juni, katikati ya baridi inayopasua midomo.

Maswali yakaanza.

"Anauliza," Didier akasema, "kuna siku watoto wanalala bila kula?"

Jibu nilikuwa nalo. Jumanne tulikula uji bila sukari, na Jumatano hata huo uji haukuwepo. Lakini nyuma yangu walikaa akina mama watano, na Mama Gaël akakohoa.

"Bwana anatutosheleza," nikasema.

"Amina!" wakaitikia.

Didier akanigeukia. "Mama, nimutafsirie hivyo kweli?"

"Tafsiri."

Akatafsiri. Mkaguzi akaandika.

"Anauliza baridi hii munapasha chumba na nini."

"Sisi tunawaka moto wa Roho!" Mama Gaël akaruka kabla sijafumbua mdomo.

"Amina!"

"Ile siwezi kutafsiri," Didier akasema. "Nitasema mablanketi."

"Friji je, ni lake?" mkaguzi akauliza.

Nikatazama chini. Waya wa friji ulikuwa umelala sakafuni, haufiki popote.

"Ni lake kwa imani," akasema Mama Gaël.

Didier akafikiri kidogo. Akatafsiri: ni lake. Mkaguzi akaandika tena, safari hii mistari mitatu bila kuinua kichwa. Kisha akafunga faili na kupangusa mafuta ya sambusa vidoleni.

"Mwambie hongera," akasema. "Anaishi vizuri kuliko mimi. Kochi langu mimi lina miaka tisa na springi zimetoka nje. Hapa hakuna ninachoweza kusaidia."

Didier hakunitafsiria mara moja. Alipotafsiri, hakunitazama usoni.

Nikakiona kitasa kipya cha Jumamosi mlangoni kwangu, kinang'aa.

"Haleluya," Mama Gaël akanong'ona. "Umeshinda. Hukusaini."

Mkaguzi alikuwa ameshika ukingo wa kochi ili ainuke, mlango ukasukumwa.

* * *

Ni Baba Gaël. Placide mwenyewe, mume wa Mama Gaël, bado amevaa sare ya ulinzi, macho mekundu kwa kukesha.

"Kochi langu liko wapi?" akasema kwa Kiswahili, hata salamu hakutoa. "Mimi nimesimama usiku kucha nalinda makochi ya watu wa mtaa wa Kensington. Narudi kwangu nilale, la kwangu limekwenda!"

Lazima mjue kwamba Baba Gaël analala mchana juu ya kochi lile. Kitandani mchana kuna cherehani ya mkewe na marundo ya vitambaa. Na katika shughuli zote zile, hakuna aliyekumbuka kumwambia.

"Baba Gaël, toka, baadaye," mkewe akamwambia akiuma meno.

"Baadaye lini? Nikilala saa kumi nitaingia kazini saa ngapi?"

Mkaguzi akamgeukia Didier. "Anasema nini?"

Didier alitazama dari. Naamini alikuwa anaomba. Kisha nadhani alichoka.

"Anasema umekalia kitanda chake."

Mkaguzi akainuka polepole. Akalitazama kochi. Akaenda kwenye friji, akauinua waya kwa vidole viwili kama mkia wa panya. Akafungua mlango. Harufu ya ndagala ikatoka kwa nguvu zote za asubuhi nzima.

"Kochi ni la nani?"

Baba Gaël akainua mkono.

"Mapazia?"

Joséline akainua mkono.

"Zulia? Saa?"

Mikono ikainuka mmoja mmoja, kama darasa la kwanza.

"Na cha kwako wewe ni kipi?"

Nikamwonyesha kiti cha miguu mitatu. Jiko la mafuta ya taa. Godoro nyuma ya mlango. Basi.

Yule mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa tena, kochi likapiga kelele, Baba Gaël akafumba macho kwa uchungu.

"Miaka kumi na moja nakagua," akasema akijifuta machozi. "Watu wananifichia friji chini ya blanketi. Televisheni nazikuta kwenye mabafu. Lakini mtu aazime friji ili anionyeshe mimi, eish, huyu ni wa kwanza."

"Ilikuwa heshima yako," nikamwambia kupitia Didier. "Kwetu mgeni hakalishwi pabaya."

Akaacha kucheka.

"Heshima yangu ilikuwa inakutoa nyumbani kwako, mama." Akafungua faili, akachana ile karatasi aliyoandika, akatoa fomu yangu. "Tuanze upya. Nijibu mwenyewe, na hawa wanyamaze. Wewe ni maskini?"

Akina mama wote wakanikodolea macho. Hata ndege wa saa.

"Mama Égide," Mama Gaël akasema taratibu, "angalia kinywa chako. Ukitamka neno hilo, Jumapili usije ukakaa na sisi safu ya mbele."

Nikafikiria safu ya mbele. Nikafikiria Égide na Sonia wakirudi shule Jumamosi ile, hapana, Jumamosi hakuna shule, watakuwa mlangoni na vikapu, na mlango umefungwa.

"Ndiyo," nikasema. "Mimi ni maskini. Ni mjane na ni maskini. Jumanne tulikula uji mtupu na jana hatukula, na haukuwa mfungo."

Hakuna kilichoanguka kutoka darini. Nikasaini.

Nyuma yangu nikamsikia Joséline akimvuta Didier shati. "Muulize kama amebakiwa na fomu. Lakini kwa sauti ndogo, Pasta asije akasikia."

"Pasta yuko mbali, Joubert Park," Didier akasema.

"Ndiyo maana nimesema ndogo."

* * *

Laiti ningemalizia hapo.

Mkaguzi alikuwa anapekua kurasa za nyuma atafute mahali pa kuniandika. Kidole kikasimama.

"Kuna shida," akasema. "Msaada huu ni kaya moja kwa kila yadi. Na yadi hii ina mtu tayari. Analipiwa sehemu ya kodi tangu mwezi wa nane mwaka jana."

"Haiwezekani," nikasema. "Hapa tuko kaya mbili tu."

"Mjane mmoja," mkaguzi akasema.

"Mjane wa yadi hii ni mimi."

Akasoma karatasi. Alisoma vibaya, kama wanavyosoma majina yetu, lakini lilisikika. "Clémentine. Mjane. Ameapa mbele ya polisi kwamba ni maskini na kwamba mumewe, Placide, amefariki."

Didier akatafsiri neno kwa neno, polepole, kama mtu anayetembea juu ya pini zilizomwagika.

Wote tukageuka.

Mama Gaël alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya kilemba. Nami, ambaye husifiwa kwamba sipitwi na kitu, ndipo nilipoona. Nani aliniambia nisisaini? Nani alileta kochi? Nani alijibu juu ya moto wa Roho? Haikuwa heshima ya mgeni hata chembe. Nikionekana tajiri, mkaguzi anafunga faili, na ukurasa ule haufunguliwi kamwe. Mwezi wa nane ule alipopata vilemba vipya, mimi ndiye niliyesimama kanisani kumshukuru Mungu kwa niaba yake.

"Nani amefariki?" Baba Gaël akauliza.

"Weye," akasema Didier.

"Mimi? Lini?"

"Mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane nilikuwa kazini!"

Joséline akacheka, akajiziba mdomo kwa pazia lake.

Mkaguzi hakuwa anaelewa Kiswahili, lakini nyuso alikuwa anazisoma vizuri. Akamnyooshea Baba Gaël kalamu, akamuuliza Mama Gaël, "Na huyu mwenye kochi ni nani wako?"

"Ni kaka yangu," Mama Gaël akajibu kwa Kiingereza, haraka.

Kiingereza kile Baba Gaël alikielewa. Nilimwona alivyokielewa. Kifua kilipanda, mdomo ukafunguka, kisha akamtazama mkewe. Sijui alichokiona usoni mwake. Alifunga mdomo, akainamisha kichwa, akawa kaka.

"Kaka," mkaguzi akarudia. Hakuandika. Akatazama akina mama, mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa ameona kitu cha maana darini.

Mwisho akanifikia mimi.

"Mama Emérite. Wewe hata uongo wa friji ulikushinda. Utakalosema wewe ndilo nitakaloandika. Kama yule ni mjane, nafasi ni yake na hii fomu yako naitupa. Kama si mjane, nafasi ni yako leo hii, na yeye atajieleza polisi kwa nini aliapa. Yule ni mjane au si mjane?"

Didier hakutafsiri. Alikuwa amekaza macho kwenye viatu vyake. Hakukuwa na haja. Kiingereza cha kusikia ninacho, cha kujibu ndicho huwa kinanipotea.

Ningependa kuwaambia kwamba niliomba kwanza. Sikuomba. Nilifanya hesabu ya dhambi kama mtu wa duniani. Nikisema ukweli, mwanamke aliyenisaliti anakwenda polisi na karatasi ya ukimbizi iliyochakaa kama yangu, na Gaël na Chloé, ambao hula kwangu mama yao akichelewa, wanabaki na baba asiyelala. Nikisema uongo, Jumamosi wanangu wanalala barazani kwa Didier.

Na kuna hili ambalo sikuwahi kuliandika humu. Mume wangu alipokufa, wanaume wa kanisa wote walikuwa kazini. Aliyeomba ruhusa, akakatwa mshahara, akabeba jeneza kwa mbele mpaka kaburini, ni Baba Gaël.

Nikamtazama marehemu wa mwezi wa nane. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola ya sare. Mama Gaël alikuwa amesogea pembeni yangu, na chini, pale mkaguzi asipoweza kuona, alikuwa amenishika kitenge kwa vidole viwili.

"Mama," mkaguzi akasema, kalamu juu ya karatasi. "Nina nyumba nyingine nne leo."

Nikamwambia Didier akae pembeni, hili nitalisema mwenyewe. Nikamjibu kwa Kiingereza, ili kesho asije mtu akasema ni fundi aliyekosea kutafsiri. Nilichomjibu, mtakisoma wiki ijayo.